Safari ya Mbugani kwa Kikundi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyaokota kwenye simu yangu mwenyewe. Kwa mwaka naratibu safari mbili tatu za vikundi: wafanyakazi wenzangu, wanakwaya, kina mama wa VICOBA, na mara moja ukoo mzima uliokuja na bibi wawili na watoto kumi na mmoja. Kila kikundi hudhani kinauliza jambo jipya, kumbe ni yale yale. Majibu yanamlenga Mtanzania na mwana-Afrika Mashariki anayekwenda mbuga za Tanzania kwa fedha ya mfukoni mwake.

## Ya mwanzo

Tuanze na mbuga ipi?

Niambieni kwanza mnatokea wapi na mna siku ngapi.

Mkiwa Dar na mna siku moja au mbili, nendeni Mikumi. Barabara kuu ya Iringa na Zambia inakatisha ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, ndiyo maana kila aliyewahi kupanda basi la Mbeya amewaona swala na twiga kupitia dirishani, bure. Lakini kupita si kuingia. Uhondo uko bonde la Mkata, upande wa kaskazini wa barabara, wanakokaa nyati, pundamilia, tembo na simba wao. Tangu 2024 unaweza kufika Morogoro kwa treni ya SGR, ila kutoka hapo bado mtahitaji gari.

Mkiwa Arusha au Moshi na mna siku mbili, unganisheni Tarangire na Ngorongoro. Tarangire ni ya tembo na mibuyu, na kiangazi, vidimbwi vingine vikishakauka, wanyama wanasogea wote mtoni. Serengeti msiiguse kama hamna siku tatu kamili. Nimeona watu wakienda kulala usiku mmoja na kugeuza; walichokiona zaidi ni kisogo cha dereva.

Wa Mwanza, Bunda na Musoma wana bahati wasiyoitumia. Lango la Ndabaka liko kandokando ya barabara ya Mwanza–Musoma. Mnaingia Serengeti bila kuzunguka Arusha na bila kulipia Ngorongoro.

Kwani Ngorongoro na Serengeti si kitu kimoja?

Zamani zilikuwa pamoja. Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa iwe eneo ambalo Wamasai wanaishi na mifugo yao humo humo pamoja na wanyamapori. Leo Serengeti iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na Ngorongoro ina mamlaka yake. Kwa mfukoni mwenu maana yake ni malipo mawili. Mkitoka Arusha kwenda Serengeti mnapitia lango la Lodoare, na hapo mtalipa Ngorongoro hata kama mnapita tu. Vikundi vingi husahau fungu hili, tena hulikumbuka wakiwa langoni.

Twende mwezi gani?

Nyumbu wamezidi milioni moja na hawana msimu wa kukaa. Wanazunguka mwaka mzima wakifuata mvua na majani. Mkitaka kuona ndama wanavyozaliwa, nendeni Ndutu, kusini, mwezi wa pili. Mkitaka mto Mara, wanaporukia majini mamba wakiwasubiri, ni Kogatende, kaskazini, kati ya Julai na Oktoba. Kogatende ni mbali, msije mkaipangia siku mbili.

Masika, hasa Aprili na Mei, loji hushusha bei, nyasi huwa ndefu, na udongo mweusi hunata kwenye magurudumu kama ugali kwenye mwiko. Kikundi cha vijana kitakiita kitendo cha kusukuma gari burudani. Kikundi chenye bibi wawili, hapana.

Tutawaona wale wakubwa watano?

Simba, tembo na nyati, kuna uwezekano mkubwa. Chui inataka dereva mwenye macho na ninyi wenye subira. Faru, nafasi yenu nzuri ni kreta ya Ngorongoro, lile shimo kubwa la volkano, ingawa mara nyingi anaonekana kama jiwe jeusi kwa mbali, kwa hiyo bebeni darubini. Halafu kuna swali dogo linalowashangaza wengi: mbona twiga hayumo kreta? Hayumo kweli. Kuta zina mteremko wa mita kama 600, na chini ni uwanda wa majani usio na miti ya kumtosha. Twiga mtamkuta juu, njiani.

## Fedha

Ni kweli kwenda kikundi kunapunguza gharama?

Kunapunguza nusu ya mambo. Gari, dizeli, dereva na ada ya kushuka kreta, ambayo inatozwa kwa gari, vinagawanywa. Kiingilio, kitanda na sahani ya chakula havigawanyiki. Kila kichwa kina chake. Ndiyo maana tofauti ya watu watatu na sita ni kubwa, na tofauti ya sita na kumi na wawili ni ndogo: mkifika wanane tayari mnahitaji gari la pili, na hesabu inaanza upya.

Kiingilio ni shilingi ngapi?

Siandiki tarakimu hapa, kwa sababu viwango hubadilishwa na mtu atakuja kunishikia bango na ujumbe wa miaka mitatu nyuma. Muhimu ni kujua jinsi hesabu inavyokwenda. Kuna kiwango cha wana-Afrika Mashariki, kwa shilingi. Kuna cha wageni wakaazi, na cha wageni wasio wakaazi, kwa dola. Tofauti ya cha kwanza na cha mwisho ni mbingu na ardhi. Mtoto chini ya miaka 5 halipi, na wa miaka 5 hadi 15 analipa kidogo. Juu ya hayo kuna VAT, ambayo bei nyingi za kutajiwa mdomoni huwa hazina.

Ili ulipe kama mwananchi, onyesha kitambulisho: NIDA au pasipoti. "Nisikilize ninavyoongea" haikubaliki langoni, nimeshuhudia. Na fedha taslimu achaneni nazo. Mnapewa namba ya malipo, mnalipa benki au kwa simu kabla ya kufika.

Michango tuikusanyeje?

Hapa ndipo safari zinapofia. Sijawahi kuona kikundi kilichovunjwa na simba, lakini vilivyovunjwa na "nitatuma kesho" nimevihesabu hadi nimechoka.

Mratibu asiwe mweka hazina. Mimi napanga, mtu mwingine anashika fedha, na kila anayelipa anatajwa kwenye kundi la WhatsApp siku hiyo hiyo, jina na kiasi. Watu hulipa haraka wakiona majina ya wenzao yakipanda. Gawanyeni mchango mara tatu, lakini awamu ya kwanza iwe ya kuuma kidogo. Mtu aliyetoa elfu ishirini hajatoa uamuzi, amejiandikisha kwenye umbea.

Kabla ya awamu ya kwanza, bandikeni juu ya kundi ujumbe mmoja usiofutwa: fedha inalipia nini, hailipii nini, siku ya mwisho ni lini, na kwamba mchango hurudi kwa sababu zilizoandikwa tu. Sentensi yangu ya kwanza siku zote ni hii: "Mchango ni wa gari, kitanda, chakula na kiingilio, si wa mnyama." Mtaona faida yake mwishoni mwa ukurasa huu.

Mtu akijitoa siku mbili kabla?

Kiti chake kimeshalipiwa. Atafute wa kumrithi, wamalizane wao wawili. Msiba na ugonjwa ni habari nyingine. Hapo sisi hurudisha sehemu ya chakula na kiingilio kama hakijalipiwa, na gari linabaki kuwa mzigo wa wote. Andikeni hili mapema. Likiandikwa baada ya mtu kujitoa, linaonekana limeandikwa dhidi yake.

Tutajuaje kampuni si ya matapeli?

Ombeni leseni ya TALA, ile ya biashara ya utalii, mwone jina lililomo ndilo jina la akaunti mnayoambiwa mlipe. Mkipewa namba ya simu ya mtu binafsi, simameni hapo hapo. Kisha, na hili wengi hawalijui, ombeni muone uthibitisho wa malipo ya viingilio siku moja kabla ya kuondoka.

Nimejifunza kwa kuchomwa na jua. Tulikaa langoni kwa masaa matatu na nusu na watu kumi na wanne kwa sababu kampuni tuliyoikodi ilikuwa haijalipia namba ya malipo, na mwenye ofisi hapokei simu. Dereva, maskini, alikuwa anafuta kioo kile kile mara ya tano. Mwishowe tulichangishana upya pale pale chini ya mti. Walikuja kuturudishia baada ya miezi miwili.

## Gari na barabara

Gari moja lipakie wangapi?

Land Cruiser iliyorefushwa, ile ya paa la kuinuka, ina viti saba vya abiria. Wekeni sita. Kiti cha saba kiwe cha mabegi, darubini na mzozo. Na kila asubuhi badilishaneni nafasi, aliyekaa nyuma aje mbele. Bila utaratibu huo kuna mtu ataishia kusafiri Serengeti nzima juu ya tairi la nyuma, na huyo ndiye atakayeandika kirefu kwenye kundi mkirudi.

Hatuwezi kwenda na Coaster au Haisi yetu?

Mikumi wakati wa kiangazi, inawezekana kwenye njia kuu za ndani. Kreta ya Ngorongoro, haiwezekani: kushuka ni kwa magari yanayovuta magurudumu yote manne, basi. Kuna vikundi vinafika na basi lao hadi Karatu, wanalala hapo, asubuhi wanakodi Land Cruiser za siku moja. Ni mpango mzuri, na ndio ninaoupendekeza kwa kikundi kikubwa chenye fedha kidogo.

Mkienda na gari lenu, kumbukeni kuwa ndani ya Serengeti mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Kwenye kipande cha barabara kuu ndani ya Mikumi napo mwendo una kikomo, na kugonga mnyama kuna faini inayotegemea aina ya mnyama.

Barabara ni mbaya kiasi gani?

Arusha hadi Lodoare ni lami. Baada ya hapo, mkishaacha ukingo wa kreta kuelekea Naabi, lango la kuingilia Serengeti, barabara imejikunja kama bati la migongo midogo. Meno yanagongana. Vumbi linaingia hata kwenye begi lililofungwa zipu. Mwenye mgongo mbaya akae kiti cha mbele, na mjamzito ambaye miezi imesogea aongee na daktari wake kwanza, si na mratibu.

Tukitaka kuchimba dawa?

Swali hili huulizwa kwa faragha, na wanawake zaidi. Vyoo viko malangoni, vituo vya wageni na sehemu za kulia chakula. Katikati hakuna, na kushuka garini ni marufuku nje ya sehemu zilizoruhusiwa. Mkizidiwa, mwambieni dereva mapema, tena waziwazi. Atajua pa kusimama. Mtu anayenyamaza kwa haya ndiye anayekuja kupiga kelele mbele ya simba watano.

## Tukiwa ndani

Kwa nini lazima tuamke saa kumi na moja alfajiri?

Kwa sababu simba, chui na fisi hufanya kazi kukiwa na baridi, na ikifika saa nne wanalala kivulini kama walinzi wa zamu ya usiku. Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Kikundi kinachotoka saa mbili na nusu kimelipa bei ile ile kuona nusu. Utaratibu wangu: gari linaondoka, anayelala analala. Umetumika mara moja tu, na tangu hapo haujahitajika.

Simba haruki akaingia garini?

Gari kwake ni dude moja kubwa linalonuka dizeli, wala si sahani yenye watu sita. Ukisimama ukatoka nusu mwili, au ukatoa mkono, umeanza kuonekana kama kitu kingine. Kaeni, semeni taratibu, msipige honi wala makofi kumwamsha. Jambo linalofanya tembo akasirike ni gari kumkatia njia kati yake na mtoto. Akitandaza masikio na kutikisa kichwa, mwacheni dereva arudi nyuma, msimwambie "ngoja kidogo nipige picha."

Kulala kwenye hema ni salama?

Ni salama mkifuata maagizo. Kambi za umma za Seronera, katikati ya Serengeti, hazina uzio, na kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta, hutembelewa na pundamilia usiku na wakati mwingine tembo anayekuja kunywa kwenye tangi la maji. Fungeni zipu hadi mwisho, msilale na chakula hemani, na mkitoka usiku mmulike tochi kwanza pande zote. Macho yanayowaka ni sababu ya kurudi ndani mkasubiri.

Viatu viingie hemani nanyi. Mwenzetu mmoja aliacha makubazi yake mapya ya ngozi mlangoni kule Seronera. Asubuhi tulikuta kubazi moja, limelowa mate, limetobolewa matundu manne kwenye kisigino, na nyayo za fisi zinaelekea jikoni. La pili halikuonekana. Alimaliza safari na raba za mpishi.

Tuvae nini?

Sweta na koti, ninyi wa Dar mnaonicheka. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Juni hadi Agosti kuna ukungu na baridi ya kukaza vidole. Mchana huko chini kofia na nguo nyepesi.

Rangi: epukeni buluu iliyokolea na nyeusi. Mbung'o wanazipenda, na wanauma hata juu ya suruali. Tarangire na ukanda wa magharibi wa Serengeti wamejaa. Fulana za kikundi za buluu, zenye majina mgongoni, nimeshazikataza.

Chakula cha mchana tunakula wapi?

Mahali palipotengwa. Ndani ya kreta ni Ngoitokitok, kando ya bwawa la viboko, pazuri sana, isipokuwa kuna mwewe. Wanazunguka juu, wanachagua. Nimeona paja la kuku likiondoka katikati ya mkono na mdomo, na mwenye paja amebaki ameuma hewa, kidole kimekwaruzwa. Kuleni ndani ya gari, au mkono mmoja ufunike chakula. Kuhusu mifuko ya plastiki, ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Taka zote mrudi nazo.

Tunaruhusiwa spika na droni?

Spika hapana. Droni hapana, bila kibali maalumu ambacho hamna.

Dereva tumpe nini?

Kusanyeni asante yenu mapema, kwenye mchango, muiweke kwenye bahasha. Mkingoja siku ya mwisho kila mtu ameishiwa. Mpishi awe na bahasha yake, asiachiwe masalia ya dereva. Na mheshimuni dereva kama mzee wa msafara: yeye ndiye anayesikiliza redio ya upepo. Wetu mmoja alikuwa hamtaji simba kabisa, anasema "sharubu ziko mtoni," ili abiria wasianze kusimama kabla hawajafika.

## Yasiyo ya kila siku

Mwenzetu ni Mtanzania aliyechukua uraia wa nje. Analipa kiwango gani?

Langoni huangaliwa pasipoti, si asili. Akishika pasipoti ya Marekani au Uingereza anahesabiwa mgeni. Mwambieni kabla hajatuma mchango, na kwa upole. Si yeye aliyeweka kanuni. Kinyume chake, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda, Mrundi au Mkongomani mwenye hati zake analipa kiwango cha Afrika Mashariki pamoja nanyi.

Tuko Masai Mara. Tunaweza kuvuka moja kwa moja kuingia Serengeti?

Nyumbu wanaweza. Watalii hawaruhusiwi kuvuka Bologonja, kivuko cha mpakani kati ya mbuga hizo mbili, tangu mpaka ulipofungwa mwaka 1977. Mtazunguka kupitia Isebania na Sirari, au Namanga. Na gari lenye namba za Kenya hutozwa kiwango cha gari la nje, kikubwa mno. Kodini gari upande wa Tanzania.

Tumechelewa kutoka kwa nusu saa. Kuna shida?

Ipo. Kwa mnaolala ndani ya Serengeti, kibali kinahesabiwa saa 24 tangu mlipoingia, hakiangalii tarehe. Mkiingia Naabi saa saba mchana, saa saba ya kesho muwe mmeshatoka, vinginevyo mnadaiwa siku nyingine, vichwa vyote. Dereva akianza kutazama saa yake huku ninyi mnaomba "dakika tano tu za duma," anajua anachokitazama.

Gari likiharibika porini?

Mnabaki ndani. Dereva anaita kwa redio, na magari mengine husimama kusaidia. Huo ni utamaduni wa madereva wote. Maji ya akiba na biskuti viwe garini siku zote. Simu msizitegemee, mtandao unashika Seronera na juu ya ukingo, kisha unapotea kwa masaa.

Gari la kwanza limeona chui, la pili halikuona. Tunafanyaje?

Hamfanyi kitu. Hutokea, tena chui huwa ameshuka mtini dakika mbili kabla gari la pili halijafika, na picha zinakuwa zimeshatumwa kwenye kundi. Kesho yake changanyeni abiria wa magari yote mawili. Kama mnaweza, gari la pili litangulie.

Kuna ndugu aliyeniomba nimrudishie sehemu ya mchango kwa ajili ya chui huyo. Mweka hazina alimtumia ule ujumbe uliobandikwa juu ya kundi, sentensi ya kwanza. Akajibu kwa alama ya kucheka, na mwaka huu ndiye aliyelipa wa kwanza.